Muulize Fundi: Seva ya chama iko mezani, ufunguo anao nani?

Mwezi huu barua moja imekula karibu ukurasa wote. Nimeiachia, kwa sababu vyama vingi vya ushirika huku Kusini mwa Tanzania vitauliza jambo hilohilo kabla ya mnada wa kwanza wa korosho. Nyingine mbili nimezijibu mwishoni kwa ufupi.

"Mwanangu Fundi, habari za Mtwara. Mimi ni katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa korosho, huku Tandahimba. Tuna ofisi moja, maghala mawili na watu saba wanaoshika kompyuta kwa kazi za chama. Mpaka leo tunatumiana mafaili kwa WhatsApp. Msimu uliopita orodha ya malipo ya wakulima ilikuwa nne: 'malipo mwisho', 'malipo mwisho 2', 'malipo mwisho kabisa', na nyingine karani aliiita 'tumia hii'. Tukatumia siyo. Wakulima 11 waliandikiwa kilo za wenzao na tulikaa wiki mbili tukiomba radhi. Kijana anayejitolea ofisini ametuwekea kwenye laptopu ya zamani programu iitwayo Nextcloud, ya kuweka mafaili ya wote mahali pamoja, akasema ni bure. Siku mbili ilikwenda vizuri. Umeme ukakatika, na uliporudi programu ikatuambia tunaingia kwa anwani isiyoaminika. Maghalani haijafunguka hata siku moja. Fundi mwingine anataka shilingi milioni sita atununulie 'seva ya kweli'. Tununue? Na hiyo bure, ni bure kweli?" – Katibu, Tandahimba

Shikamoo Mzee Katibu. Hiyo milioni sita isitoke kwanza. Seva ni kompyuta yoyote inayowatunzia wengine mafaili na kuwagawia.

Watu saba wenye orodha za Excel na picha za stakabadhi hawahitaji mashine inayonguruma kama jenereta. Laptopu ya zamani yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 8 na diski ya SSD, ile ya kasi, inawatosha na kusaza. Tena laptopu ina kitu ambacho seva ya milioni sita haiji nacho: betri. Umeme ukikatika dakika kumi, haina habari. Angalieni mambo mawili tu. Ukifunga kifuniko chake inalala, na ikilala ofisi nzima inakosa mafaili. Kijana afungue faili la mipangilio liitwalo logind.conf, mstari wa HandleLidSwitch auandike ignore. La pili, betri inayokaa kwenye chaji mwaka mzima kwa joto letu huvimba. Kila mwezi ikagueni chini. Ikianza kuyumba mezani kama sahani iliyopinda, itoeni, mnunue UPS ndogo, yaani betri ya akiba ya nje. Na hiyo UPS iibebe na ruta, kile kifaa kinachowagawia mtandao, maana ruta haina betri na ndiyo iliyowaponza.

Iliwaponzaje? Siku ya kuweka programu, Nextcloud iliandika anwani mliyoingilia. Kuanzia hapo humkatalia kila anayebisha kwa anwani nyingine, ili mtu asije akawapitisha kwenye jina la bandia. Tuseme siku ile laptopu ilikuwa 192.168.1.23. Umeme ulipokatika ruta ikazima. Iliporudi ikagawa namba upya kama karani wa foleni, laptopu ikapewa 192.168.1.31. Hakuna kilichoharibika. Kijana aingie kwenye ruta, aifungie laptopu namba moja ya kudumu. Halafu kwenye faili la config.php, sehemu ya trusted_domains, aongeze namba hiyo pamoja na jina lolote mtakalotumia baadaye. Ni mistari miwili. Aangalie tu mkato kati ya mstari na mstari: ukikosekana mmoja, programu nzima inagoma kufunguka, na hapo ndipo vijana wengi hufuta kila kitu na kuanza upya kwa kosa la alama moja.

Maghalani ni habari nyingine. Ruta yenu ni ya laini ya simu, sivyo? Ingieni kwenye ukurasa wake mtazame anwani iliyopewa na mtandao. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, hiyo siyo anwani yenu ya nje. Kampuni ya simu imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama nyumba ya kupanga yenye vyumba arobaini na sanduku moja la posta. Aliye nje hawezi kubisha chumba chenu. Kijana anaweza kufungua milango ya ruta mpaka kesho kutwa, lango la barabarani siyo lake.

Mimi hufanya hivi. Nakodi seva ndogo ya mtandaoni, ile ya bei ya chini kabisa, yenye anwani yake ya wazi. Haihifadhi hata faili moja. Ni kijiwe cha kukutania tu. Laptopu ya ofisini inaipigia kwa WireGuard, programu ya bure ya kuunganisha kompyuta kwa njia ya siri, vifaa vya maghalani navyo vinaipigia, wanaonana hapo. Kwa kuwa laptopu ndiyo inayopiga kwenda nje, sanduku moja la posta haliwazuii. Kwenye mpangilio wa laptopu na wa vile vifaa vya maghalani pawepo PersistentKeepalive = 25, yaani kila sekunde 25 kitumwe kisalamu kidogo. Bila hicho mtandao wa simu husahau njia, na asubuhi karani wa ghala anakuta kimya. Yupo atakayewashauri muifungue Nextcloud kwa dunia nzima. Kwa watu saba sioni sababu. Seva iliyo wazi huanza kujaribiwa nywila kutoka nchi ambazo korosho yetu haijawahi kufika. Na kama kila anayeingia anapitia WireGuard, kila kipande cha safari tayari kimesimbwa, yaani hakisomeki njiani. Cheti cha usalama mtakiweka baadaye mkishalipia jina lenu la mtandaoni. Kipo cha bure, Let's Encrypt, kinakaa siku 90 na programu ya certbot hukihuisha yenyewe.

Bure sasa. Programu ni bure kweli, na ni huria, yaani msimbo wake, maandishi yaliyoitengeneza, uko wazi chini ya leseni ya AGPL toleo la 3. Uhuria huo una faida ambayo watu hawaioni mpaka siku ya ugomvi. Mjerumani Frank Karlitschek alianzisha ownCloud mwaka 2010. Mwaka 2016 akaondoka, wenzake kadhaa wakamfuata, wakachukua msimbo uleule na kuuendeleza kwa jina la Nextcloud. Leseni iliwaruhusu. Aliyekuwa na seva yake sebuleni hakupoteza faili hata moja kwa ugomvi ule. Mtakachokilipia ni kingine: umeme, bando, kijiwe cha kukodi, diski mbili za nje za kuhifadhia nakala, na muda wa mtu. Hilo la mwisho ndilo ghali, nitalirudia.

Kwanza zile orodha nne, kwa sababu nahofia mnadhani seva itazitibu. Haizitibu. Mkiihamishia tabia ya WhatsApp kwenye Nextcloud, mtapata "malipo mwisho kabisa" ileile, safari hii kwenye seva yenu wenyewe. Nimeona ofisi ikifanya hivyo mwaka mzima.

Chukua ghala namba moja. Asubuhi mtandao hakuna. Karani anafungua jedwali lililo kwenye kompyuta yake, anaingiza magunia 40 aliyopima. Saa hiyohiyo ofisini mhasibu anafungua jedwali lilelile, anasahihisha namba ya akaunti ya mkulima. Saa saba mtandao unarudi. Nextcloud haijui kuchanganya majedwali mawili ya Excel. Inaweka yote mawili, na moja linaongezewa maneno "conflicted copy" kwenye jina. Haijakosea, imekataa kuchagua kati ya karani na mhasibu. Asipokuwepo wa kuchagua siku hiyohiyo, baada ya mwezi mnarudi kwa wale wakulima 11.

Kwa hiyo msianze na folda moja ya wote. Ghala la kwanza liwe na jedwali lake, la pili lake. Mnapogawana folda, karani wa ghala apewe ruhusa ya kuandika kwenye jedwali lake tu, mengine ayasome. Mhasibu aandike kwenye jedwali moja la malipo, kila mnada jedwali lake, na jina lake libaki lilelile tangu mwanzo hadi benki. Hakuna "mwisho", hakuna "2". Mkitaka kuona lilikuwaje juzi, bonyezeni faili, upande wa kulia kuna sehemu ya matoleo ya nyuma: tarehe, saa, na kitufe cha kurejesha. Ile kazi mliyokuwa mnaifanya kwa kubadili majina inafanywa na mashine kimyakimya. Hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya kuhangaika na seva.

Kijana atatamani kuwawekea na kile kiongezi cha kuandika waraka mmoja watu wengi kwa pamoja kwenye kivinjari. Kizuri, lakini kinakula RAM na kinahitaji mtandao muda wote. Msimu huu kiache.

Nakala sasa. Hapa sina budi kujisema. Miaka michache iliyopita niliwawekea Nextcloud watu wa ofisi moja hapa Mtwara. Kila usiku folda ya data ilinakiliwa kwenye diski ya nje, nami nikajiona nimemaliza. Hewa ya bahari ikafanya yake, diski kuu ikafa. Nikaja na diski yangu ya nakala nikitembea kifua mbele. Mafaili yote yalikuwepo. Ila kalenda ya vikao haikuwepo, orodha ya simu haikuwepo, na hakuna aliyejua nani alishirikishwa faili lipi. Vyote hivyo Nextcloud huviweka kwenye hifadhidata, daftari lake la ndani la kumbukumbu, siyo kwenye folda, na hifadhidata sikuwahi kuinakili hata siku moja. Yule mama wa mapokezi aliandika upya namba za simu karibu mia tatu kutoka kwenye daftari la zamani. Hakunilaumu. Aliniomba tu nimshikie rula asiruke mstari.

Ndiyo maana nasema vitu ni vitatu: folda ya data, folda ya config yenye mipangilio, na hifadhidata. Kijana aandike hati fupi ya amri: iweke Nextcloud kwenye hali ya matengenezo, inakili hifadhidata (hutunzwa na programu ya MariaDB) kwa amri ya mysqldump, inakili zile folda mbili kwa amri ya rsync, kisha iondoe hali ya matengenezo. Hiyo hali ni muhimu, la sivyo faili na hifadhidata vitapigwa picha kwa nyakati tofauti na havitapatana.

Na saa, Mzee Katibu. Mwanafunzi wangu mmoja aliambiwa nakala ifanyike saa mbili usiku watu wakishaondoka. Kwenye cron, ratiba ya kompyuta ya kazi za kujirudia, akaandika 2. Kompyuta haihesabu kama sisi. 2 yake ni saa nane usiku. Tena Ubuntu, mfumo endeshi wa seva, ikiwekwa hivihivi hukaa kwenye UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko mbele saa tatu, kwa hiyo nakala ikawa inaanza saa kumi na moja alfajiri, na siku za mafaili mengi mtu wa kwanza kuingia ofisini anakuta mlango umefungwa. Walilaumu mtandao miezi miwili. Weka kwanza eneo la saa liwe Africa/Dar_es_Salaam, kisha andika saa kwa hesabu ya kompyuta.

Diski za nakala ziwe mbili, zipokezane kila Ijumaa: moja ofisini, moja nyumbani kwako au kwa mwenyekiti. Zifungwe kwa nywila, kwa sababu ndani yake kuna majina, simu na akaunti za benki za wanachama. Hilo si suala la heshima tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ongeeni na afisa ushirika wenu mjue chama kimesimama wapi. Hii nayo ni sababu yangu ya kupenda mafaili yalale Tandahimba na kile kijiwe cha kukodi kipitishe tu.

Halafu mara moja kila miezi mitatu, chukueni kompyuta nyingine na mjaribu kurejesha. Nakala ambayo hamjawahi kuirejesha ni matumaini tu, na mimi nilishayabeba mkononi.

Masasisho: yale madogo ya usalama wekeni mara yanapotoka, hata katikati ya minada. Toleo kubwa hutoka mara mbili tatu kwa mwaka, na kila moja huendelea kupewa masasisho kwa takriban mwaka mmoja tu. Hairuhusiwi kuruka, aliye toleo la 29 apite la 30 ndipo afike la 31. Ukikaa miaka miwili bila kugusa, siku ya kupanda utapanda ngazi moja moja usiku kucha. Fanyeni hivyo wakati wa salfa, dawa ya mikorosho, wanachama wakiwa mashambani wanapuliza na ofisi imepoa. Kuanzia Oktoba, msimu wa minada, asithubutu mtu.

Sasa lile ghali. Umeandika "kijana anayejitolea". Nywila ya msimamizi iko kichwani mwake, sawa? Mpango wa WireGuard uko kwenye simu yake. Kile kijiwe mtakachokodi atakilipia kwa barua pepe yake. Namtakia mema, na kwa sababu namtakia mema najua atapata kazi Dar es Salaam. Siku hiyo mtakuwa na laptopu inayowaka taa na hakuna anayeweza kuiingia.

Kwa hiyo kabla hamjahamishia hata faili moja, fungueni barua pepe ya chama na kila kitu kilipiwe kwa hiyo. Akaunti ya msimamizi iwe peke yake, isitumike kwa kazi za kila siku. Kijana mwenyewe awe na akaunti ya kawaida kama wewe. Aandike kwenye daftari gumu, kwa Kiswahili: seva iko wapi, inawashwaje, nakala inarejeshwaje hatua kwa hatua. Nywila ziingie kwenye bahasha, muisaini wewe na mwenyekiti juu ya gundi, iwekwe kwenye sefu mnamoweka vitabu vya stakabadhi. Kisha mwambie kijana akae pembeni na mikono mfukoni, na karani mwingine arejeshe nakala kwa kusoma daftari lile tu. Atakapokwama, hapo ndipo maandishi yana pengo. Mpaka afike mwisho bila kuuliza, endeleeni na WhatsApp, ila jedwali liwe na jina moja.

"Dada Fundi, nafundisha sekondari Lindi mjini. Seva yetu ya walimu inatumia diski ya nje. Kila umeme ukikatika na kurudi, Nextcloud inasema folda ya data ni batili. Nikizima na kuwasha mara mbili tatu inapona. Nimeshauriwa na rafiki niunde faili fulani lililofichwa ndani ya folda hiyo, ujumbe utatoweka. Nifanye?" – Mwalimu, Lindi

Mwalimu, usifanye. Tafadhali sana.

Faili hilo dogo, ambalo jina lake huanza na nukta, ndilo alama ya Nextcloud kwamba hapa ndipo data ilipo. Haioni alama kwa sababu diski yako ya nje bado haijapachikwa, yaani mashine haijaiunganisha na folda yake. Inatazama folda tupu iliyobaki kwenye diski ya ndani. Ukiunda alama hiyo kwa mkono, umemdanganya bawabu. Walimu wataanza kupakia mitihani kwenye diski ndogo ya ndani huku ya zamani yote ikionekana imepotea, na diski ya nje ikirudi kesho yake, ya jana yatafunikwa. Utakuwa na shule mbili.

Tibu kwenye mzizi. Amri ya blkid itakupa UUID ya diski, ule mkufu mrefu wa herufi na namba. Uandike kwenye faili la /etc/fstab, orodha ya diski ambazo mashine huzipachika ikiwaka, badala ya jina kama sdb1, kwa kuwa majina hayo hubadilika kulingana na diski ipi imeamka kwanza. Ongeza neno nofail ili mashine iwake hata diski ikichelewa. Andika amri ya mount -a ujaribu kabla ya kuzima. Na uitazame waya ya USB. Ikilegea, hakuna maandishi ya fstab yatakayoishika.

"Fundi, sisi ni kina mama 15 wa kikoba, Mikindani. Tumesikia kuna programu ya bure ya kuweka hesabu zetu kwenye seva yetu wenyewe. Inagharimu kiasi gani kuanza?" – Mweka hazina

Dada yangu, hamuihitaji. Hesabu za watu 15 zinaenea kwenye daftari moja la kurasa 200. Kila mkishamaliza kikao, mweka hazina apige picha ukurasa wa siku hiyo mbele ya wote, aitume kwa wanachama watatu wasio viongozi, na kila mmoja wa hao watatu ajibu jumla aliyoisoma. Zikilingana, mmefunga. Zisipolingana, hakuna kuondoka. Hela mliyotaka kuipeleka kwenye seva, wekeni kwenye mfuko wa jamii.